Bendera za Matete

Watoto wawili wamesimama malishoni wakitazamana. Kila mmoja ameshika kifundo cha mkono wake mwenyewe, na kwa mkono uliobaki ameshika kifundo cha mwenzake, hata mikono minne imefunga mraba. Mtoto wa tatu anakaa juu ya mraba huo kama akaaye kitini, nao wanamnyanyua. Kulia na kushoto wenzao wamevunja matete marefu yenye mashada meupe, laini kama manyoya ya ndege, wameyainua juu kuwa bendera. Msafara unaanza kutembea kwa makelele. Nyati wao wanakula majani pembeni, hawana habari.

Huo ulikuwa mchezo tu. Ulichezwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita huko Hoa Lư, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Vietnam, na mtoto aliyebebwa aliitwa Đinh Bộ Lĩnh. Hiyo D yenye kistari isomeni kama D ya "dada". Na kumbukeni kwamba Wavietnam hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Đinh lilikuwa jina la baba yake na babu yake. Alipofika miaka 44 mtoto huyu alikuwa ameziunganisha himaya 12 zilizokuwa zikiuana, akajivika cheo ambacho Wachina walikiweka kwa ajili ya mtawala wao peke yake, akaanzisha ukoo wa kifalme. Nitawasimulia alivyofika hapo. Lakini nawaomba, njiani, msiache kuwatazama watoto. Kisa hiki kimejaa watoto kuliko visa vingi vya wafalme, na baadhi yao hawakutendewa haki.

Alizaliwa mwaka 924. Wakati huo nchi yake ilikuwa bado mikononi mwa Wachina, au mikononi mwa watu waliotawala kwa jina la Wachina, kama ilivyokuwa karibu wakati wote tangu mwaka 111 kabla ya Kristo. Baba yake, Đinh Công Trứ, alikuwa mkuu wa jimbo la Hoan, upande wa kusini. Mtoto akiwa na miaka 14, jemadari mmoja aitwaye Ngô Quyền alifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa Vietnam analijua hadi leo. Alijua kwamba meli za vita kutoka China zitaingia kwa mto Bạch Đằng. Akaagiza miti ichongwe, ivishwe ncha za chuma, isimikwe chini ya mto. Ninyi mliokulia pwani mtaelewa haraka kilichofuata, maana mnajua kupwa na kujaa kwa maji. Maji yalipojaa, miti ilizama isionekane. Mashua ndogo za Ngô Quyền zikawachokoza adui, zikajifanya zinakimbia, na meli kubwa zikazifuata ndani. Kisha maji yakapwa. Meli zikakaa juu ya ncha za chuma, zikatoboka. Hiyo ilikuwa mwaka 938, na ndipo utawala wa Wachina ulipokatika.

Lakini baba wa Bộ Lĩnh hakuishi kuona mwanawe akikua. Alifariki mtoto akiwa mdogo. Mama yake, wa ukoo wa Đàm, akamchukua wakarudi Hoa Lư, wakaishi kando ya hekalu dogo la mungu wa mlima. Hoa Lư ni mahali pa ajabu kwa sura. Milima ya mawe ya chokaa imesimama wima katikati ya mashamba ya mpunga, mmoja hapa, mmoja pale, na kati yake maji yanapita kimya, mengine yakiingia chini ya mlima kwa pango na kutokea upande wa pili. Mtoto asiye na baba, anayeishi na mama mjane mahali kama hapo, kazi yake ni moja: kuchunga nyati.

Nyati ninaowasema si mbogo wa porini. Hawa ni nyati wa maji, wanyama wa kufugwa, weusi, wapole, wenye pembe zilizolala kuelekea mgongoni. Wao ndio walimao majaruba, matope yakiwafika magotini, na jioni mtoto wa miaka saba humpanda mmoja wao akarudi naye nyumbani. Ni kazi ya kukaa kutwa nzima, na kutwa nzima ni ndefu. Kwa hiyo watoto hucheza.

Ngô Sĩ Liên, mwanahistoria aliyekusanya kumbukumbu za wafalme wa Vietnam mwaka 1479, hakuona haya kuingiza mchezo wa watoto katika kitabu cha mambo ya dola. Anaeleza kwamba wachunga nyati wenyewe ndio waliomkubali Bộ Lĩnh kuwa mkubwa wao, kwa sababu walijiona hawamfikii akili wala moyo. Ndipo wakambeba kwa mikono iliyofungwa mraba, na matete yakapepea kulia na kushoto kama mbele ya mtawala. Siku walizopata nafasi aliwaongoza kwenda kupigana na watoto wa vijiji vingine, na kote walikopita wakaogopwa. Halafu linakuja jambo dogo ninalolipenda kuliko yote: kila siku watoto hao walikata kuni wakampelekea, kama raia wanavyopeleka kodi. Mama yake aliona mzigo wa kuni mlangoni, akafurahi, akachinja nguruwe wa nyumbani akawapikia wote.

Mfikirieni huyo mama kidogo. Mjane, hana shamba kubwa, na kundi la watoto wenye njaa limefika uani na kuni begani. Angeweza kuwafukuza. Akachinja. Wazee wa vijiji walipoona mambo hayo, wakasemezana kwamba mtoto huyu si wa kawaida, na kwamba wasipomfuata mapema watajuta baadaye. Wakawapeleka vijana wao kwake, wakamjengea boma.

Hapo anaingia mjomba wake, au baba yake mdogo, kama msimulizi apendavyo. Vijijini humsimulia hivi. Bộ Lĩnh alikuwa akichunga nyati wa mzee huyo. Siku moja jeshi lake la matete lilishinda vita kubwa, na yeye akaona askari wake hawawezi kulala na njaa baada ya ushindi kama ule. Akachinja nyati mmoja wa mzee wakala nyama yote. Kisha akauchukua mkia, akauchomeka kwenye ufa wa ardhi, akakimbia nyumbani akilia kwamba nyati amezama ardhini. Mzee akaja mbio, akaushika mkia kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zote, akaanguka chali na mkia mkononi. Alipoinuka alikuwa na upanga. Mtoto akakimbia mpaka ukingo wa mto, maji mbele, upanga nyuma, na hapo joka la rangi ya dhahabu likatokea majini likamvusha. Mto ule unaitwa Hoàng Long, maana yake Joka la Manjano.

Kitabu cha historia kinakisimulia kisa hicho kwa namna nyingine, na bila nyati. Kinasema mzee huyo alikuwa na boma lake na alikataa kumtii kijana. Wakapigana, Bộ Lĩnh akashindwa, akakimbia juu ya daraja, daraja likavunjika, akatumbukia matopeni. Mzee alipotaka kumchoma aliona majoka mawili ya manjano yamemfunika, akaogopa akarudi nyuma. Joka la nchi hiyo, wanangu, msilichanganye na zimwi la kumeza watu. Ndilo liletalo mvua, na ni alama ya wafalme. Msimulizi anapoliweka joka juu ya mtoto aliyelala matopeni, anawaambia wasikilizaji wake kwamba huyu atatawala. Bộ Lĩnh alikusanya watu wake waliobaki, akarudi, na safari hii mzee alisalimu amri.

Ngô Quyền alifariki mwaka 944, miaka sita tu baada ya ushindi wa Bạch Đằng. Shemeji yake akakinyakua kiti kwa miaka kadhaa, kisha wanawe wawili wakakirudisha wakatawala pamoja. Nchi ilikuwa imeanza kupasuka. Na kule Hoa Lư, nyuma ya milima yake, Bộ Lĩnh hakumtii mtu.

Mwaka 951 wale wafalme wawili wakaamua kumtoa. Bộ Lĩnh akampeleka mwanawe mkubwa, Đinh Liễn, awe rehani kwao, kama ahadi kwamba hatawaletea fitina. Lakini mwenyewe hakwenda. Wafalme wakakasirika, wakamkamata Liễn, wakaja na jeshi mpaka chini ya milima ya Hoa Lư. Wakapigana zaidi ya mwezi mmoja wasiweze kuingia. Mwishowe wakamfunga Liễn, wakamtundika juu ya mti mrefu mahali ambapo baba yake angemwona, wakatuma neno: jisalimishe, au mtoto anakufa.

Hapa hunibidi kusimama kila ninapokisimulia kisa hiki. Liễn yuko juu, amefungwa kamba, anaiona milima aliyozaliwa akiiona, anamwona baba yake. Baba naye anamwona. Bộ Lĩnh akajibu kwa hasira kwamba mwanamume anayetafuta jambo kubwa hawezi kulegezwa na mapenzi ya mwana. Kisha akawaita watu zaidi ya kumi wenye pinde za kifyatulio, zile pinde zilizolazwa juu ya gogo na kufyatuliwa kwa kidole kama bunduki, akawaamuru wamlenge Liễn, wampige.

Wafalme wawili wakashtuka. Walikuwa wamemtundika kijana ili baba apate huruma. Baba mwenyewe akiagiza apigwe, kumtundika kuna faida gani? Hawakumwua. Wakakusanya jeshi wakaenda zao.

Wako wanaokisimulia kisa hicho kwa kumsifu Bộ Lĩnh: angalia moyo wa chuma, angalia alivyowashinda wafalme wawili kwa neno moja. Ni kweli aliwashinda. Inawezekana hata alijua watarudi nyuma. Mimi humtazama yule wa juu ya mti. Yeye hakuwa na njia ya kujua kama baba yake anafanya hila. Alisikia amri, na akaona pinde zikigeuzwa kwake. Lishikeni jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 965 mfalme wa mwisho wa wale wawili alipigwa mshale vitani akafa. Baada yake hakukuwa tena na mfalme. Kila mwenye boma na askari akajitangaza bwana wa mahali pake, na walipohesabiwa wakubwa walikuwa 12. Wavietnam hukiita kipindi hicho vurugu ya mabwana 12. Wengi wao walikaa kwenye tambarare ya Mto Mwekundu na majirani zake, nchi ya mpunga, ambako kutoka boma moja hadi jingine mtu aliweza kutembea kwa siku chache. Kwa mkulima maana yake ilikuwa hii: analima, na mtu wa boma hili anakuja kudai mpunga, na kesho yake mtu wa boma la pili anakuja kudai mpunga ule ule.

Bộ Lĩnh hakuanza kwa upanga. Alikwenda pwani, mahali paitwapo Bố Hải Khẩu, kwa bwana mmoja wa wale 12, Trần Lãm, mzee tajiri asiye na mrithi wa kumwachia jeshi. Trần Lãm alimpenda, akamfanya mwanawe, na alipofariki akamwachia askari wake. Mtoto aliyekosa baba akiwa mdogo alipata baba wa pili akiwa mtu mzima, pamoja na jeshi. Akarudi nalo Hoa Lư, penye milima ambayo hakuna aliyewahi kuivunja, na kutoka hapo akawaendea wengine. Phạm Bạch Hổ, ambaye jina lake lina maana ya Simbamarara Mweupe, alikuja mwenyewe kujiunga naye. Wengine walipigana mpaka wakafa. Ngô Nhật Khánh, wa ukoo wa Ngô Quyền, alisalimu amri, na Bộ Lĩnh akajaribu kumfunga kwa undugu: akamwoa mama yake, akamwoza Liễn dada yake, akampa yeye mwenyewe binti yake awe mkewe. Ndoa tatu kwa mtu mmoja. Kwa kuwa alishinda kila alikokwenda, watu walimwita Vạn Thắng Vương, Mfalme wa Ushindi Elfu Kumi.

Mwaka 968 kazi ilikwisha. Bộ Lĩnh akajiita Hoàng Đế, mfalme mkuu, cheo cha yule ambaye Wachina humwita Mwana wa Mbingu. Ngô Quyền na wanawe walijiita wafalme tu. Nchi akaiita Đại Cồ Việt. Đại ni neno la Kichina lenye maana ya kubwa. Cồ ni neno la wenyeji wenyewe, nalo maana yake ni kubwa. Yaani jina lile linatamka ukubwa mara mbili, mara moja kwa lugha ya wasomi na mara moja kwa lugha ya wachunga nyati, na mimi naona mtu aliyelichagua hakusahau alikotoka. Mji mkuu ukawa Hoa Lư. Milima ndiyo ilikuwa ukuta, na palipokuwa na mwanya kati ya mlima na mlima wakajenga ukuta wa udongo na matofali. Baadhi ya matofali hayo yamefukuliwa siku hizi. Yamepigwa mhuri wa maandishi ya Kichina unaosema ni matofali ya kujengea ngome ya jeshi la nchi.

Kitu kingine kilichobaki ni sarafu. Mwaka 970 mfalme aliupa utawala wake jina la Thái Bình, maana yake Amani Kuu, na sarafu za shaba zikatolewa kwa jina hilo. Ni kipande cha duara chenye tundu la mraba katikati, ili mtu apitishe kamba azifunge fungu zima. Upande mmoja una herufi nne kuzunguka tundu. Ugeuze: kuna herufi moja tu, Đinh. Kwa mamia ya miaka watu wa nchi hiyo walinunua chumvi na samaki kwa pesa za wafalme wa mbali. Sasa muuza samaki akageuza sarafu kiganjani akaona jina la ukoo wa mtoto wa mjane wa Hoa Lư.

Kuna upande mwingine pia wa utawala wake, sitaki kuuremba. Katika uwanja wa ikulu aliweka jungu kubwa la mafuta, na karibu yake kizimba chenye simbamarara, akatangaza kwamba atakayevunja amri atachemshwa au ataliwa. Watu wakaogopa, wakatulia. Nchi iliyokuwa imepigana kwa zaidi ya miaka 20 labda ilihitaji mkono mgumu, wengi husema hivyo. Lakini mfalme anayeweka jungu uwanjani anawaambia watu wake kwamba hawaamini, na watu hulisikia neno hilo hata kama wamenyamaza.

Alipanga pia kazi za dola. Mwaka 971 aliweka vyeo vya maofisa na vya watawa wa Kibudha. Nguyễn Bặc akawa mmoja wa wakubwa kabisa, na kijana aitwaye Lê Hoàn akapewa uongozi wa majeshi. Mwaka 974 jeshi likagawanywa katika đạo kumi, tuseme vikosi vikuu kumi. Kila kikosi kikuu kilikuwa na sehemu kumi, kila sehemu na sehemu kumi tena, na tena, na tena, mpaka kundi la mwisho kabisa lenye watu kumi. Chukueni karatasi, mwandike 10 mara sita, kisha mzizidishe zote pamoja. Mtapata watu 1,000,000. Hao hawakuwa askari waliokaa kambini wakisubiri chakula. Lilikuwa daftari la wakulima, ambao siku ya hatari wangeacha majembe na kila mmoja angejua wenzake ni akina nani. Walivaa kofia za ngozi, pana chini, zilizobanwa juu zikawa bapa na za mraba.

Huko kaskazini China ilikuwa imepata ukoo mpya wenye nguvu, Song, ambao mwaka 971 uliwameza majirani wake wa kusini na kufika mpakani. Bộ Lĩnh hakungoja. Akatuma wajumbe na zawadi, na mbele ya ujumbe huo akamweka mtu aliyemwamini kuliko wote: Liễn. Nyumbani aliendelea kuitwa mfalme mkuu; katika barua za Song aliitwa mfalme wa jimbo la Giao Chỉ, naye akakubali jina hilo dogo lisafiri barabarani mradi majeshi yao yasisafiri. Ulikuwa ujanja mzuri. Na aliyeubeba mpaka China na kurudi nao salama ni yule yule aliyewahi kutundikwa juu ya mti.

Kwa hiyo mtakadiria Liễn alitegemea nini. Alipigana upande wa baba yake katika vita vile vya kuunganisha nchi. Alikuwa mkubwa wa watoto. Alikuwa na cheo cha Mfalme wa Nam Việt. Mwaka 978 Bộ Lĩnh akatangaza mrithi wake: Hạng Lang, mtoto mdogo aliyempata uzeeni na aliyempenda sana.

Majira ya kuchipua ya mwaka 979 Liễn alimtuma mtu akamuua Hạng Lang.

Sitamtetea. Mtoto mdogo hakuchagua kupendwa. Lakini siwezi kuusimulia mwaka huo bila kurudi kwenye mwaka 951, kwenye ule mti. Liễn alikuwa amekubali kuwa rehani ya baba yake, akakubali kuwa shabaha ya baba yake, na mwisho akaambiwa asogee pembeni. Baadaye alisimamisha nguzo za mawe huko Hoa Lư, zimechongwa sala za Kibudha, kumwombea mdogo wake. Nguzo kama hizo zimepatikana ardhini, na maneno yake yanasomeka hadi sasa: aliyemuua ndiye aliyemwombea.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, ofisa mdogo wa ikulu aitwaye Đỗ Thích aliamini kwamba ni zamu yake. Aliwahi kulala usiku juu ya daraja akaota nyota imeanguka mdomoni mwake, akaifasiri kuwa ni ishara ya ufalme. Usiku mmoja mfalme na Liễn walikunywa karamuni mpaka wakalala uani. Đỗ Thích akawaua wote wawili. Ikulu ikafungwa, akatafutwa kila mahali. Alikuwa amejificha kwenye mfereji wa paa, na alikaa humo siku tatu bila maji. Mvua ikanyesha. Akanyoosha mkono kukinga matone. Mwanamke mmoja wa ikulu akauona mkono ukitokeza ukingoni, akaenda kusema. Nguyễn Bặc akamkamata, akamwua.

Waliobaki walimweka kitini Đinh Toàn, mwana mwingine wa mfalme. Alikuwa na miaka sita.

Fikirieni darasa la kwanza, kisha mtoto mmoja wa darasa hilo akae mahali penye jungu na simbamarara. Ngô Nhật Khánh, yule mwenye ndoa tatu, alikuwa ameshakimbilia ufalme wa Champa, kusini, na sasa akaja na meli za Champa kuishambulia Hoa Lư. Dhoruba ikawapiga karibu na milango ya mito, akazama na wengi aliokuja nao. Nguyễn Bặc aliona Lê Hoàn ameshika madaraka kupita kiasi, akamwendea kwa vita, akashindwa akauawa. Na Song, waliposikia kwamba kule kusini kuna mfalme wa miaka sita, walianza kukusanya majeshi.

Mwaka 980 askari walikuwa tayari kwenda mpakani. Jemadari Phạm Cự Lạng akaingia ikulu na wenzake wakiwa na mavazi ya vita, wakasema waziwazi: tukifa kwa ajili ya mtoto huyu, nani atajua tumekufa? Kwanza tumpe ufalme Lê Hoàn, kisha tutoke. Mama wa mtoto, Malkia Dương, ambaye watu humwita Dương Vân Nga, aliona nyuso zao. Akaagiza joho la kifalme lenye majoka liletwe, akalivika mabegani mwa Lê Hoàn. Wako waliomlaumu kwa mamia ya miaka, hasa kwa kuwa baadaye aliolewa na Lê Hoàn. Mimi simlaumu. Mlangoni palikuwa na jeshi lake, mpakani jeshi la Song, na pembeni yake mtoto wa miaka sita aliye hai. Mwaka uliofuata, 981, Lê Hoàn aliwapiga Song wakarudi kwao. Ukoo wa Đinh ulikuwa umetawala miaka 12.

Nchi haikurudi kuwa vipande 12. Lê Hoàn aliipokea ikiwa moja, na mwaka 1010 ukoo mwingine, wa Lý, uliuhamisha mji mkuu kwenda Thăng Long, ambayo leo ni Hanoi. Hoa Lư ikarudi kuwa mashamba na milima.

Na yule mtoto wa miaka sita? Lê Hoàn hakumwua, ingawa wafalme wengi wangefanya hivyo bila kufikiri. Alimlea kwa heshima, akampa cheo cha Mfalme wa Vệ. Đinh Toàn akakua akawa askari. Mwaka 1001, katika vita dhidi ya waasi wa Cử Long, walikuwa pamoja mstari wa mbele, yeye na mtu aliyevikwa joho lake. Mshale ukampiga Toàn akafa. Lê Hoàn akaipigia mbingu kelele mara tatu, kisha akaingia vitani akashinda.

Ukienda Trường Yên, mahali palipokuwa mji wa Hoa Lư, kuna hekalu la Mfalme Đinh. Linatazamana na mlima wa Mã Yên, Tandiko la Farasi, na juu ya mlima huo ndipo lilipo kaburi lake. Kila mwaka, mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi, watu hukusanyika hapo kwa sikukuu, na watoto wa vijiji hucheza vita vya Bộ Lĩnh, matete yenye mashada meupe mikononi. Kelele zao zinasikika mpaka ndani.

Huko ndani, chumba cha nyuma kabisa, sanamu ya mfalme imeketi katikati. Upande mmoja wake yuko Liễn. Upande wa pili, bega kwa bega, wako wawili: Đinh Toàn na Hạng Lang.